Ujasusi wa Kiuchumi na Ushindani: Yale Ambayo Mwanafunzi wa Uhandisi Mkoani Mara Anapaswa Kuyajua

Mnamo Julai 22, 1991, Jumuiya ya Ulaya ilipitisha agizo Na. 91/493 kuhusu masharti ya afya katika uzalishaji na uuzaji wa mazao ya uvuvi. Agizo hilo lilichapishwa katika gazeti rasmi la Jumuiya, ambalo mtu yeyote aliruhusiwa kulisoma. Lilieleza sakafu na kuta za kiwanda cha samaki ziwe za namna gani, maji ya kuoshea na kutengenezea barafu yawe na ubora gani, na wafanyakazi wazingatie usafi wa kiwango gani. Zaidi ya hayo, lilitaka kila kiwanda kijikague chenyewe hatua kwa hatua na kutunza kumbukumbu za ukaguzi huo. Nchi wanachama zilitakiwa kuanza kulitekeleza kufikia Januari 1993.

Katika miaka hiyo biashara ya sangara ilikuwa imepamba moto kandokando ya Ziwa Victoria. Viwanda vya kuchakata minofu vilikuwa vikijengwa Mwanza na Musoma, na maelfu ya watu katika mialo walitegemea kuuza samaki kwa mawakala wa viwanda hivyo. Ndipo mazuio yakaanza kufuatana. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya baadhi ya shehena kukutwa na vimelea vya salmonela. Januari 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 likaja zuio la tatu, safari hii kutokana na taarifa za uvuvi wa kutumia sumu. Tanzania iliruhusiwa tena kupeleka samaki wake katika soko hilo mwaka 2000.

Zuio la kipindupindu lilizua ubishi wa kisayansi, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilieleza kwamba uwezekano wa ugonjwa huo kusambaa kupitia samaki wanaouzwa nje ulikuwa mdogo. Hata hivyo, hoja ya kisayansi huhitaji vielelezo: majibu ya maabara, kumbukumbu za joto la vyumba vya barafu, vipimo vya klorini katika maji. Kiwanda ambacho mhandisi wake angelisoma agizo la 1991 siku lilipochapishwa na kulifikisha kwa mwenye mali kingekuwa na takriban miaka sita ya kujiandaa. Ambacho hakikulisoma kilijifunza masharti hayo wakati milango imekwisha kufungwa. Gharama ya kutojua haikuishia kwa wenye viwanda. Ilishuka hadi kwa mvuvi wa mwalo wa Mwigobero mjini Musoma, mshona nyavu, msukuma mkokoteni na mama aliyekuwa akinunua mapanki ili ayakaange na kuyauza mitaani.

Kufuatilia taarifa kama ile ya 1991, kuithibitisha, kuichambua na kuifikisha kwa mwenye kutoa uamuzi kabla muda haujapita ndiko kunakoitwa ujasusi wa kiuchumi na ushindani. Jina lenyewe huwatisha wengi, kwa kuwa neno ujasusi huleta picha ya mtu aliyevaa miwani myeusi akinyata usiku kwenye ofisi za watu. Maana yake katika kampuni ni tofauti kabisa. Nchini Ufaransa, jopo lililoongozwa na Henri Martre, mhandisi aliyewahi kuongoza kampuni ya ndege ya Aérospatiale, lilitoa mwaka 1994 ripoti iliyoieleza kazi hii kuwa ni mfululizo wa hatua zinazoratibiwa za kutafuta, kuchakata na kusambaza taarifa zenye manufaa kwa wahusika wa uchumi. Ripoti hiyo ilisisitiza kwamba hatua hizo hufanywa kwa njia halali. Japani ilikuwa imekwisha kuona umuhimu wa jambo hilo mapema zaidi, kwani tangu mwaka 1958 shirika lake la biashara ya nje, JETRO, limekuwa likikusanya habari za masoko ya dunia kwa ajili ya viwanda vyake.

Swali ambalo mwanafunzi anaweza kuuliza ni kwa nini kazi hii imhusu mhandisi, ilhali kampuni ina watu wa masoko na wahasibu. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya taarifa zenye uzito katika ushindani imeandikwa kwa lugha ya uhandisi. Tangazo la ajira la kampuni moja likitafuta mafundi watatu wa majokofu yanayotumia amonia, msomaji wa kawaida huona nafasi za kazi. Mhandisi huona kwamba kampuni hiyo inapanua uwezo wake wa kugandisha, na anaweza hata kukisia ni kwa kiasi gani. Vivyo hivyo kwa tathmini ya athari kwa mazingira, masharti ya zabuni, kiwango kipya cha bidhaa au mchoro ulioambatanishwa katika maombi ya hataza. Nyaraka hizo zipo wazi, lakini humnufaisha yule tu anayeweza kuzisoma.

Mkoani Mara jambo hili lina uzito wa pekee kwa sasa. Butiama, alikozaliwa Baba wa Taifa, ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, mojawapo ya taasisi zinazonufaika na Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), unaotekelezwa na Serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 425. Wahandisi watakaoandaliwa mkoani hapa watafanya kazi katika samaki, pamba, dhahabu na mazao ya kilimo, na katika kila eneo kati ya hayo tayari kuna mtu mwingine anayejua zaidi yao kuhusu bei, soko au teknolojia.

Mfano ulio karibu zaidi ni mabondo. Kwa muda mrefu sangara aliuzwa mzima kwa kilo, na kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwake kilihesabiwa kuwa sehemu ya matumbo tu. Wakati huohuo, katika masoko ya Hong Kong na China bara, mabondo yaliyokaushwa ni chakula cha heshima, na kilo moja huuzwa kwa bei inayozidi mara nyingi bei ya kilo ya minofu. Bei hiyo hupanda kadiri bondo linavyokuwa kubwa, nene, safi na lililokauka vizuri. Aliyekuwa na taarifa hiyo mapema alinunua kwa bei ya matumbo na kuuza kwa bei ya kitu adimu. Leo kila mvuvi anajua kuwa bondo lina thamani. Wanaojua ni kwa nini mabondo mawili yenye uzito sawa hulipwa bei tofauti ng'ambo ni wachache zaidi. Hapo ndipo mhandisi anapoingia, maana unene, rangi na kiwango cha unyevu ni mambo ya namna ya kukausha: joto, mzunguko wa hewa na muda.

Taarifa za soko hilo hazijafichwa. Katika mfumo wa kimataifa wa namba za forodha, vichwa, mikia na mabondo ya samaki yamewekwa chini ya namba 0305.72. Mwanafunzi mwenye simu na intaneti anaweza kufungua takwimu za Kituo cha Biashara cha Kimataifa cha Geneva, kuandika namba hiyo na kuona ni nchi zipi zilizonunua, kutoka wapi, kwa tani ngapi na kwa thamani gani. Baada ya hapo anapaswa kufanya jambo ambalo wengi hulisahau, yaani kulinganisha pande mbili. Kiasi kilichoandikwa na nchi iliyouza huwekwa kando ya kiasi kilichoandikwa na nchi iliyonunua. Tofauti ikiwa kubwa, ipo sababu: pengine mzigo ulipitia nchi ya tatu, pengine uliandikwa kwa namba nyingine, pengine kuna udanganyifu. Vilevile inafaa kukumbuka kuwa namba hiyo inachanganya mabondo na vichwa, ambavyo bei yake ni ndogo sana, hivyo wastani wa bei kwa tani hauwezi kuaminiwa bila uchunguzi zaidi. Kazi ya ujasusi wa kiuchumi ni hii hasa. Kupata tarakimu ni rahisi kuliko kujua tarakimu hiyo inasema nini na inanyamaza wapi.

Wilayani Butiama, katika machimbo ya dhahabu ya Buhemba, kuna somo jingine lenye kuuma zaidi. Mchimbaji mdogo husaga mawe, huosha, hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha hubakiwa na mchanga unaoitwa marudio. Uchenjuaji wa zebaki mara nyingi huacha sehemu kubwa ya dhahabu ndani ya mchanga huo. Mwenye mtambo wa kuchenjulia kwa sayanidi anajua hivyo, kwa sababu amechukua sampuli na kuipima maabara kabla ya kuja kununua. Mchimbaji hajapima. Pande mbili zinaketi kujadili bei ya rundo moja la mchanga, mmoja akiwa na jibu la maabara mfukoni na mwingine akiwa na makisio ya macho. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo, na hakuna aliyeiba siri ya mtu. Kilichopungua ni kipimo, ambacho kikundi cha wachimbaji kingeweza kukilipia kwa kuchangiana, endapo kingekuwa na kijana mmoja anayejua namna ya kuchukua sampuli inayowakilisha rundo zima badala ya kuchota juu juu.

Buhemba pia ni mahali pa kujifunza kutazama mbele. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulianza kutumika duniani Agosti 2017, na Tanzania ni mwanachama wake. Mkataba huo unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo wa dhahabu kuchukua hatua za kupunguza matumizi ya zebaki na, panapowezekana, kuyaondoa kabisa. Mhandisi anayebuni leo mashine ya kunasa dhahabu kwa mvutano wa uzito bila zebaki anatengeneza kitu ambacho sheria na wanunuzi wanakisogelea. Anayewekeza fedha zote katika njia ya zamani ananunua mashine yenye umri mfupi. Ulinganifu wake na agizo la samaki la 1991 ni dhahiri.

Katika pamba ya Bunda habari ni fupi. Mwenye kinu cha kuchambua pamba hutazama bei ya nyuzi duniani, na ni haki yake. Hata hivyo, faida yake hutegemea pia mbegu, zinazokamuliwa mafuta na kuacha mashudu ya mifugo. Bei ya mafuta ya kula hapa nchini huathiriwa na ushuru unaotozwa mafuta yatokayo nje, na mabadiliko ya ushuru huo hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya ya Afrika Mashariki kila mwaka mwishoni mwa Juni, kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Kurasa chache za gazeti hilo zinaweza kuamua kama kinu kinunue mtambo wa kukamulia mwaka huu au kisubiri.

Hazina isiyotumiwa ipasavyo kuliko zote ni nyaraka za hataza. Mvumbuzi anapoomba hataza hulazimika kueleza uvumbuzi wake kwa kina cha kutosha ili fundi mwenye ujuzi aweze kuutengeneza, na kwa kawaida maombi huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa. Shirika la Dunia la Miliki Bunifu na Ofisi ya Hataza ya Ulaya zimeweka mamilioni ya nyaraka hizo katika intaneti bila malipo. Anayetaka kubuni kikaushio cha dagaa au mashine ya kumenya mihogo atakuta humo michoro ya watu waliotangulia kuliwaza tatizo hilohilo, pamoja na makosa yao.

Inafaa pia kujua mipaka ya hataza. Ulinzi wake huishia katika nchi ulikosajiliwa, na kwa kawaida hauzidi miaka 20. Uvumbuzi ambao haukusajiliwa Tanzania Bara kupitia Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), wala kupitia Shirika la Miliki Bunifu la Kanda ya Afrika (ARIPO) lenye makao yake Harare kwa kuitaja Tanzania, unaweza kutumika hapa bila kumkosea mwenyewe. Lakini bidhaa iliyotengenezwa kwa uvumbuzi huo haiwezi kupelekwa kuuzwa katika nchi ambako hataza bado iko hai. Kwa sababu hiyo uchunguzi hufanywa kabla ya kuchomelea chuma cha kwanza, na hufanywa pia kwa kila soko linalokusudiwa, ikiwemo Zanzibar, yenye sheria na ofisi yake ya usajili.

Vyanzo vingine vipo karibu. Mfumo wa ununuzi wa umma wa kielektroniki, NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, huonesha zabuni zinazotangazwa na taasisi za umma. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) huwaalika wadau kutoa maoni kuhusu rasimu za viwango kabla hazijapitishwa, na anayetoa maoni huwa ameisoma kanuni kabla ya mshindani wake. Maonesho ya Sabasaba jijini Dar es Salaam na Nanenane katika viwanja vya Nyakabindi mkoani Simiyu ni mahali ambapo mtengenezaji wa mashine husimama kando ya mashine yake akisubiri kuulizwa. Mwanafunzi anayefika hapo na maswali matano yaliyoandikwa kwenye daftari hurudi na mengi kuliko anayerudi na mfuko wa vipeperushi.

Pamoja na uhuru huo, mpaka wa sheria hauna budi kueleweka mapema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini na kuchukua data iliyolindwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti ya kukusanya taarifa za watu, hivyo orodha ya wateja wa kampuni nyingine pamoja na namba zao za simu si taarifa ya kuokotwa na kutumiwa. Kumpa mfanyakazi wa mshindani fedha ili atoe michoro ni rushwa. Kujifanya mteja au mkaguzi ili kuingizwa kiwandani ni udanganyifu, hata kama hakuna kilichobebwa. Aidha, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza washindani kukubaliana bei au kugawana zabuni. Wahandisi wa viwanda viwili wanaokutana na kuambiana bei watakayomlipa mvuvi wiki ijayo hawafanyi ujasusi wa kiuchumi. Wanapanga bei, na anayeumia ni mvuvi.

Kuna upande wa pili wa somo hili ambao humgusa mwanafunzi mapema kuliko anavyodhani. Akienda kiwandani kwa mafunzo kwa vitendo, yeye mwenyewe huwa mlango ambao taarifa zinaweza kutokea. Picha ya mtambo mpya anayoituma katika kundi la WhatsApp la darasa, jedwali la uzalishaji analoliweka katika ripoti ya mafunzo, jina la msambazaji wa vipuri analolitaja akiwa kwenye daladala, vyote ni vipande vidogo. Mshindani mwenye subira huviunganisha. Busara ni kumwuliza msimamizi wa kiwanda siku ya kwanza, kwa maandishi ikiwezekana, ni mambo gani yanaweza kuandikwa katika ripoti na yapi yabaki ndani. Baada ya kuhitimu, mhandisi anayesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi hufungwa na maadili ya taaluma, na kutunza siri za mwajiri na mteja ni sehemu yake.

Mwisho wa kazi yote ni kumfikishia taarifa mwenye kuamua. Hapa ndipo juhudi nyingi hupotea. Mhandisi kijana huandika kurasa 40 zenye majedwali, mkurugenzi huziweka mezani, na tarehe ya mwisho ya zabuni au ya maoni hupita. Taarifa yenye kufaa huwa na ukurasa mmoja: jambo lililotokea, chanzo chake na kiwango cha kuaminika kwake, maana yake kwa kiwanda kwa shilingi na kwa siku, na hatua inayopendekezwa. Kilicho hakika hutenganishwa na kinachokisiwa. Msemo wa "inasemekana" hauna nafasi katika ukurasa huo, isipokuwa aliyesema ametajwa na sababu ya kumwamini imeelezwa.

Kwa anayetaka kujaribu, swali linalofaa kwa Musoma ni hili: katika miezi 12 iliyopita, ni shehena zipi za samaki wa Ziwa Victoria zilizotolewa tahadhari au kukataliwa Ulaya, na kwa sababu gani? Umoja wa Ulaya una mfumo wa tahadhari ya haraka kuhusu chakula, unaoonesha kwa kila tahadhari aina ya bidhaa, nchi ilikotoka na hatari iliyogunduliwa. Sehemu yake iliyo wazi kwa umma haidai ada wala nywila. Jibu hilo huwekwa kando ya hatua za uzalishaji za kiwanda kimoja, kuanzia barafu ya mtumbwini hadi chumba cha kufungashia, na mwanafunzi huonesha ni katika hatua ipi kasoro kama hiyo ingeweza kupenya.